Jedwali la Jim Sullivan: hesabu zimeanza kukubali

Mradi wangu wa kukusanya takwimu za Jim Sullivan, mpigaji magoli wa zamani wa raga ya ligi (ile ya wachezaji 13 kwa timu), umesogea. Safu ya Wigan, klabu yake ya Uingereza, nimeifunga: 1921 hadi 1946, mechi 774, trai 83, magoli 2,317. Enzi hizo kwenye raga ya ligi trai (kugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani) ilikuwa pointi 3, na goli lolote la kupiga mpira kati ya milingoti, liwe la konvasheni (mpigo baada ya trai), la penalti au la dropu (mpira unadondoshwa kisha unapigwa), pointi 2. Zidisha, jumlisha, unapata 4,883, ileile rekodi ya klabu. Nikaingiza na mechi zake zote, za timu za taifa zikiwemo: mechi 928, magoli 2,867, pointi 6,022. Ukitoa za magoli zinabaki 288, yaani trai 96 kamili. Kwa takwimu za zamani hivyo, nilitarajia mapengo zaidi.

Jamaa alitoka Cardiff, Wales, akiwa na miaka 17 tu. Wigan walimlipa pauni 750 mwaka 1921, na kwa kuwa raga ya union (ile ya wachezaji 15) ilikataa malipo, mlango wa huko ukafungwa. Mechi ya kwanza, dhidi ya Widnes, akapiga magoli matano. Kuanzia msimu huo hadi 1938–39, misimu 18 mfululizo, hakuwahi kushuka chini ya magoli 100. Kwenye grafu mstari wake unachosha kuutazama, na hiyo ndiyo sifa yake.

Mstari mmoja nimeupaka rangi: Februari 1925, Kombe la Challenge (kombe la mtoano la raga ya ligi), Wigan 116, Flimby and Fothergill 0. Sullivan alipiga magoli 22, pointi 44. Sabini na mbili zilizobaki ni trai 24. Ukiwaza kwamba baada ya kila trai mpira unawekwa usawa wa pale ilipofungwa, mara nyingine pembeni kabisa, 22 ni nyingi mno.

Jioni nimekuwa nikijaribu upigaji wa zama zake, kwa sababu namba peke yake hazinitoshi. Wapigaji wengi wa leo huja kwa kuzunguka na kupiga kwa upande wa mguu, mpira ukiwa juu ya kishikio cha plastiki. Wa zamani walichimba kijishimo kwa kisigino, wakausimamisha mpira humo, wakarudi nyuma moja kwa moja na kupiga kwa ncha ya kiatu. Ardhi ya uwanja wetu ni ngumu, kisigino hakiingii, kwa hiyo natumia kichuguu cha mchanga. Nilichokiona haraka: mguu wa kuegemea ukikaa nyuma ya mpira hata kidogo, mpira unaruka juu bila umbali, ukikaa sambamba nao, unaondoka. Ncha ya kiatu haina huruma, sehemu inayogusa ni ndogo sana. Sullivan alifanya hivyo kwa mpira wa ngozi, ambao ukilowa unakuwa mzito, na kule Lancashire, eneo la Wigan, mvua si mgeni.

Safu mpya niliyoongeza ni ya kanuni za sasa, ambapo trai ni pointi 4. Nilidhani itabadili picha, lakini jumla yake ya Wigan inapanda kwa 83 tu, hadi 4,966. Kilichobadilika ni uzito wa goli lenyewe: kwake lilikuwa theluthi mbili za trai, leo ni nusu. Kwa maoni yangu hapo ndipo thamani yake ilipo. Karibu asilimia 95 ya pointi zake kwa Wigan zilitoka mguuni.

Kinachofuata ni Neil Fox, mchezaji mwingine wa raga ya ligi, aliyempita Sullivan kwa pointi, 6,220, ingawa ana magoli machache zaidi, 2,575. Trai zake ni 358. Fomula yangu ya 3 na 2 inanipa 6,224, nne za ziada. Nashuku dropu, maana mwaka 1974 ilishushwa hadi pointi 1 na Fox alikuwa bado anacheza. Nitaanza na misimu yake ya mwisho.