Kifaranga wa bata anayehema kwa shida

Ukiokota kifaranga wa bata mtaroni na anahema mdomo wazi, usikimbilie dawa. Angalia joto kwanza. Wiki ya kwanza anahitaji nyuzi 32 hivi chini ya balbu, kisha unapunguza nyuzi 3 kila wiki. Aliyezidiwa na joto huhema harakaharaka, hutanua mbawa na kukaa mbali na taa. Inua balbu, atatulia.

Asipotulia, mtazame mkia. Ukipanda na kushuka kwa kila pumzi, shingo kainyoosha, na pumzi inakwaruza, shida iko kwenye njia ya hewa au mapafu. Mtenge na wenzake na kuku wako, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo, na unawe mikono kwa sabuni kila ukimshika.

Adui mkubwa ni ukungu. Bata humwaga maji kila mahali. Maranda yakilowa yanavunda upesi, na chembe za ukungu zikishaingia mapafuni, antibayotiki haisaidii kitu. Mtandikie taulo kavu, ubadilishe kutwa mara mbili au zaidi. Pumba iliyoshikana mabonge itupe, hata kuku usiwape. Inamia boksi: harufu ikikuchoma pua, yeye anaivuta usiku kucha.

Maji yawe ya kina cha kuzamisha tundu za pua, kwa sababu ndivyo anavyozisafisha. Weka kokoto kubwa chomboni asizame. Kumnywesha kwa kummiminia mdomoni ni hatari: maji hupotea njia yakaingia mapafuni.