Ikiisha itafanya nini

Tangu Jumanne hili swali la mzee limekataa kunitoka kichwani. Mnajua alikuja kufanyiwa operesheni ya jicho, ikaenda poa, jana tukampakia gari akarudi ushago. Mimi nikabaki na swali.

Nilikuwa mezani na Hurricane yangu, kindege cha vita cha kuunganisha, ile ya 1/72 (yaani ndege yenyewe imepunguzwa mara 72) iliyonitesa na magurudumu mwezi uliopita, mabawa ncha hadi ncha ni kama sentimita 17 hivi. Nilikuwa nabandika stika na kikoleo cha nyusi cha mama watoto (hajui). Hizo stika unaloweka kwa maji mpaka ziteleze zenyewe kutoka kwa karatasi, ukipumua vibaya tu imejikunja. Mzee akaja na bandeji yake akasimama nyuma yangu, kimya.

"Sasa hii ikiisha itafanya nini?"

"Itakaa hapo kwa kabati, baba."

"Itakaa tu?"

"Itakaa tu."

"Haya."

Hiyo haya jamani! Nimeirudia kwa matatu ya South B, nimeirudia kwa mkutano wakati bosi anatangaza ofisi inahamishwa mwezi ujao, sikushika hata inahamia wapi. Nilikuwa busy kichwani namjibu mzee, eti hizi ndizo zilikuwa Burma 1944 kwa vita ya pili ya dunia, eti angalia duara la alama kwa bawa ni bluu kwa bluu, huko waliondoa nyekundu ya katikati ndio wenzao wasidhani ni Mjapani wakaitungua. Mtu wa miaka 41 anajitetea kwa baba yake, na baba mwenyewe hayuko.

Na ukweli ni kwamba itakaa tu.

Basi Alhamisi usiku stima zimepotea, tumekaa gizani, mzee akaanza tu mwenyewe. "Hiyo ndege yako ndiyo ile ya chakula?" Sikuelewa. Kumbe ni stori ya babu. Babu alikuwa KAR, lile jeshi la Waingereza la Waafrika, walipita lile bonde la Kabaw wakati wa mvua, barabara yote matope, lori haipiti, wakawa wanadondoshewa chakula kutoka juu. Gunia likipasuka mnaokota unga na udongo wake, mnapika hivyo hivyo. Mimi nilijua babu alienda Burma lakini hiyo ya unga sijawahi kuambiwa, miaka yote hiyo!

Nikamwambia hapana baba, hii ni ya kupiga, ya chakula ilikuwa Dakota. Akafikiria.

"Sasa si ungetengeneza hiyo."

Nimecheka peke yangu mpaka leo. Nimeshaanza kuitafuta, shida ni Dakota kwa 1/72 inafika sentimita 40 na kabati ni ile ile, labda nitoe vikombe vya harusi, hiyo kesi nitaipeleka polepole.

Halafu asubuhi nafungua friji nitoe maziwa, napata dawa ya matone ya mzee imekaa pale nyuma ya mayai, haijafunguliwa. Nimepiga mara tatu, simu yake imezima.