Nilivyowatia wapwa zangu kwenye historia ya ukoo bila semina

Kwetu Wamwera mjomba ana sauti, kwa hiyo nilipowaita wapwa zangu Nachingwea likizo ya Juni hakuna aliyebisha. Kazi ilikuwa makaratasi yaliyokuwa yakiozea kwenye sanduku la bibi, na maneno ya wazee ambayo hayako kwenye karatasi yoyote.

Washauri hawakukosekana. Jamaa mmoja wa steshenari alishikilia kila kitu kilaminetiwe, "hata mchwa hagusi." Nikampa risiti ya mabati, hizi za mashine, nikamwambia anza na hii. Ilitoka nyeusi kama sufuria ya mama ntilie. Na hapo ndipo alitaka tupitishe kadi ya TANU ya bibi! Plastiki ikishashikana na karatasi kwa moto, huibandui tena. Sisi tulinunua bahasha za kaki na kaunta buku, elfu kumi na kitu hivi, sanduku tukaliinua juu ya matofali. Nyuma ya picha andika majina kwa penseli. Wino hupenya mpaka usoni pa mtu.

Mwingine, mtu wa semina, alinipa ukurasa mzima wa maswali. Tukaenda nao kwa babu, kaka yake bibi. Mpwa mkubwa akaamkia, akasoma: "Babu, tueleze historia ya maisha yako."

"Nimezaliwa, nimelima, nimezeeka."

"Changamoto ulizokutana nazo?"

"Nyinyi."

Kikao kikaishia hapo.

Lakini mimi namjua yule mzee: hawezi kuuvumilia uongo ukipita mbele yake. Usiku nikawaambia watoto, kesho msiulize, koseeni. Asubuhi tukawa tunapepeta ufuta kwake. Mdogo akamwambia mwenzake, kwa sauti ya kusikika, kwamba reli ya hapa ilijengwa na Mjerumani. Babu akaweka ungo chini. "Mjerumani yupi? Mjerumani kaondoka mama yangu mtoto! Reli ile ya Mwingereza, ya karanga! Mimi nachunga mbuzi, naiona!" Nikamwomba ruhusa ya kuwasha simu. "Washa, wasije wakadanganywa tena." Hakunyamaza mpaka adhuhuri. Kwamba mpango wa Mwingereza wa mashamba makubwa ya karanga ulianza 1947 ukafutwa 1951, hilo liko vitabuni. Kwamba baba yake aling'oa visiki kule akarudi na blanketi na baiskeli isiyo na kengele, hilo alikuwa nalo babu peke yake.

Bibi naye alisimulia vizuri, ila tulipokaribia unyago akasema zima. Tukazima. Usibishane na mzee kwenye hayo.

Kijana asiyetaka kabisa, mwonyeshe picha ya mjusi wa Tendaguru, yule dinosaria wa kimo cha zaidi ya mita 13 ambaye mifupa yake imesimamishwa makumbusho ya Berlin. Alichimbwa hapa Lindi kati ya 1909 na 1913, mifupa ikabebwa na wapagazi kwa miguu hadi pwani. Mpwa wangu mvivu kuliko wote aliuliza palepale majina ya wabebaji. Nikampa la msimamizi wa wachimbaji, Boheti bin Amrani. Akataka na ya wabebaji wenyewe, sikuwa nayo. Tangu hapo ndiye mwandishi wetu.

Sauti tumezihifadhi kwenye memori kadi mbili, moja iko kwa dada Mtwara. Juzi babu alidai asomewe daftari zima. Alirekebisha majina, kisha akaongeza ugomvi wa shamba la mikorosho ambao dada zangu wanataka tuufute. Haufutwi.