Rambo la dawa za mama

Mama alianza kuzungumza usiku na dada yake. Dada huyo tulimzika Sengerema mwaka 2009.

Nilikuwa nalala naye chumba kimoja, Kirumba, si mbali na soko la samaki la Mwaloni, kwa hiyo nilisikia kila neno. Wanabishana kuhusu dagaa walioanikwa: mvua inakuja, nani atawaanua? Asubuhi nikimwamkia, "Shikamoo mayu," anaitikia vizuri, halafu ananiuliza mimi ni mtoto wa nani. Ana miaka 76. Wifi yangu akasema ni uzee tu. Jirani akasema jambo jingine, kwa sauti ya chini, na hapo ndipo nilipoogopa. Usukumani bibi kizee anayeongea peke yake usiku si wa kuchekwa. Wapo walioitwa wachawi na kuuawa kwa sababu ya macho mekundu tu, tena wekundu wenyewe ni wa moshi wa jikoni.

Miezi mitatu nyuma, baba alipofariki, mama aliacha kula. Hata sato wa kuchemsha hakumgusa. Zahanati wakasema ni sonona, wakampa amitriptilini, kidonge kimoja cha miligramu 25 usiku, baadaye vikawa viwili kwa kuwa halali. Usingizi ulikuja kweli, ila haukuja peke yake. Mdomo ukamkauka hadi tonge halishuki bila maji. Choo, siku tano hakuna. Mkojo unadondoka tone tone. Usiku mmoja aliinuka kwenda msalani, akaanguka pale pale mlangoni. Kila kimoja tulikitibu kivyake: papai, maji, maombi. Hakuna aliyeuliza kama vyote vimetoka tumbo moja.

Mwishowe nikakusanya kila kidonge kilichokuwa chini ya mto, kabatini na kwenye mkoba wake wa kanisani, nikavitia kwenye rambo (mama bado anayatunza, ingawa yalipigwa marufuku 2019), tukapanda bajaji hadi hospitali kubwa. Daktari akavimwaga mezani. Nilidhani ataanza na amitriptilini, akaokota Piriton.

"Hizi mama anameza za nini?"

Mafua, nikasema. Upepo wa ziwani unamsumbua, tunanunua dukani.

Akanieleza kwamba dawa hizo mbili, licha ya kazi zake tofauti, zinazuia kitu kimoja mwilini, kile kinachoendesha mate, utumbo, kibofu na kumbukumbu. Mwili wa mzee huchelewa kuzitoa, na ubongo wake hauzivumilii kama wa kijana. Akampima presha akiwa amekaa: 140 ya juu. Akamsimamisha: 110. Nikaukumbuka ule mlango.

Piriton ziliachwa siku hiyo hiyo. Amitriptilini haikukatwa ghafla, ilishushwa kidogo kidogo kwa wiki nne, kisha akaanzishiwa sertralini, dawa nyingine ya sonona, nusu ya kidonge cha miligramu 50, asubuhi baada ya uji. Kichefuchefu siku chache, kikaisha.

Nikajua tumemaliza. Wiki ya tatu mama akalegea, kichwa kinauma, anasinzia mchana. Damu ikaonyesha sodiamu, yaani chumvi ya mwilini, 128, na kawaida haitakiwi kushuka chini ya 135. Kumbe sertralini na ndugu zake nazo zinaweza kushusha sodiamu kwa wazee, hasa wanaotumia kidonge cha presha cha kukojoza. Chake kilikuwamo kwenye rambo tangu siku ya kwanza, kilionekana, kikarudishwa. Safari hii kikabadilishwa, na baada ya wiki moja vipimo vikapanda hadi 134.

Hamu ya kula ilirudi polepole, nadhani wiki ya sita au ya saba. Tochi bado iko kando ya kitanda, na bado namkumbusha aketi kwanza kabla ya kusimama, naye bado ananikasirikia.

Juzi nilimkuta barazani anachambua dagaa. Nikamuuliza kama anayakumbuka yale mabishano ya usiku. Akasema anayakumbuka vizuri, na kwamba mwenye makosa alikuwa dada yake.