Jarari ya dirisha

Julai 2022 mjomba wangu alitoka Tanga kuja kututembelea Leicester, na nusu ya mzigo wake ilikuwa masweta. Tulikuwa tumemtisha sana na baridi ya Uingereza. Kumbe tarehe 19 mwezi huo huo, kule Coningsby, walipima nyuzi 40.3, joto ambalo nchi ile ilikuwa haijawahi kulipima.

Chumba alicholala kina dirisha la Kiingereza la kizamani. Halifunguki kama mlango. Vipande viwili vya mbao na kioo, cha juu na cha chini, vinapanda na kushuka kwenye mifereji yake. Cha juu kilikuwa kimegandishwa na rangi. Cha chini kilipanda vizuri, lakini ukikiachia tu, puu! Miaka minne nilikuwa nakitegemeza kwa mwiko wa ugali. Usiku wa kuamkia tarehe 19 mwiko ukateleza, ukarukia bustani ya jirani, na kishindo kikaamsha nyumba nzima.

Asubuhi nikaenda kumwamkia.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Hebu njoo uone." Alikuwa anakwangua kwa ukucha kigurudumu kidogo kilichozama ubavuni mwa fremu, juu kabisa. "Hii si roda hii? Na hiki kikamba kilichooza ndiyo jarari yake. Dirisha lenu linatwekwa kama tanga, mwanangu. Chubwi lake liko wapi?"

Mjomba amezeekea kwenye majahazi ya Tanga na Pemba, ambako jarari ni kamba ya kupandishia tanga na chubwi ni kizito cha kuning'iniza kambani. Mimi, mwenye nyumba, sikujua kwamba ndani ya fremu mna uwazi, na kwamba kila upande kinaning'inia chuma, viwili pamoja vikilingana na uzito wa dirisha.

Nikaenda kununua kamba ya pamba. Tukalowesha rangi kwa maji kabla ya kuigusa, maana rangi za nyumba kuukuu huwa na madini ya risasi na vumbi lake ni sumu. Nikabandua ubao mwembamba unaolizuia dirisha kwa ndani, tukalivuta, tukalilaza kitandani. Chini ya mfereji, baada ya kugongagonga, mjomba akapata kifuniko cha mbao kilichofichwa na rangi. Akakichokonoa kwa patasi, akaingiza mkono, akatoa chuma cheusi kirefu kama mchi wa kutwangia vitunguu saumu. Alifurahi kama aliyevua changu.

Kupitisha kamba mpya kulikuwa raha. Tulifunga msumari kwenye uzi, tukaupenyeza juu ya roda, ukashuka ndani kama timazi hadi kwenye kile kitundu. Kisha uzi ukaivuta kamba nyuma yake. Fundo la kwenye chuma mjomba hakuniachia nifunge. La kwangu alilitazama, akalifungua bila kusema neno.

Kukata kamba aliniachia, na hapo ndipo nilipoharibu. Niliiacha ndefu. Tuliporudisha dirisha na kulipandisha mpaka juu, likarudi chini shubiri nzima, kisha likasimama. Mjomba akacheka mpaka akaketi. Chuma kilikuwa kimeshafika sakafu ya kisanduku chake, kamba imelegea, kwa hiyo hapakuwa na cha kulishikilia. Tukabomoa upya, pande zote mbili.

Saa kumi na moja jioni likakaa. Kidole kimoja kilitosha kulipandisha, na popote ulipoliachia lilisimama hapo hapo. Tukapitisha kisu kwenye rangi ya kipande cha juu nacho kikashuka. Hewa ya moto ikatokea juu, ya nje ikaingilia chini. Mjomba alikuwa akilipandisha na kulishusha, peke yake, akiimba "Tweka! Tua!" hadi mke wangu akamwomba aje ale.

Kesho yake joto likakatika. Mjomba akatoa sweta, akalivaa, lakini dirisha alikataa katakata tulifunge.