Kila Mtu na Upepo Wake

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Wiki hii tunakaa na Wagalatia 6, hasa mstari wa 4 na wa 5, pale Paulo anapotaka kila mtu aipime kazi yake mwenyewe, wala asijisifu kwa kujilinganisha na mwenzake, kwa kuwa kila mmoja atalichukua furushi lake. Tunaisoma tukiwakumbuka vijana wa Tabora wanaofanya mazoezi ya baiskeli barabara ya Urambo, maana mbio za mtu mmoja mmoja dhidi ya saa zinaifafanua mistari hii vizuri kuliko mahubiri mengi marefu.

Katika mbio hizi hakuna kundi. Mnaachiwa mmoja mmoja, mara nyingi kwa kupishana dakika 1. Mtu anakushikia siti, miguu yote miwili iko kwenye pedali, msimamizi anahesabu tano, nne, tatu, mbili, moja, unaondoka. Ukichelewa kufika mstarini, saa yako haikungoji: inahesabu tangu dakika uliyopangiwa. Na njiani hairuhusiwi kujificha nyuma ya mtu. Kanuni za kimataifa zinataka anayempita mwenzake aache nafasi ya mita 2 ubavuni, kisha aliyepitwa abaki mita 25 nyuma.

Ukali huo una sababu. Kwenye tambarare, ukifika kilomita 40 kwa saa, sehemu kubwa ya nguvu zako inaishia kusukuma hewa. Ndiyo maana kwenye mbio za kundi watu hupokezana kukaa mbele: wa nyuma anapumzika, halafu naye anakuja kuupokea upepo. Huo ni mstari wa 2 wa sura hiyohiyo, mchukuliane mizigo. Wapo wanaodhani mstari wa 2 na wa 5 vinagombana. Mwendesha baiskeli hawezi kudhani hivyo, kwa kuwa anazijua mbio za aina zote mbili na anajua leo yuko katika zipi. Toba, kwa mfano, haina mgongo wa mtu wa kujifichia. Kumsamehe aliyekudhulumu vilevile. Kanisa zima litakuombea, lakini pedali ni lako.

Sasa tuje kwenye kosa linaloharibu mbio nyingi za wanaoanza: kuondoka kwa kasi mno. Dakika 3 za mwanzo zinadanganya. Miguu ni mipya, watu wanashangilia, unajiona una nguvu za ajabu. Lakini hewa hainyenyekei kwa mwenye furaha: kuongeza kasi kwa asilimia 10 tu kunadai nguvu zaidi kwa karibu theluthi moja. Kabla dakika 10 hazijaisha mapaja yanawaka, pumzi inakatika, na deni hilo hulilipi bila kupunguza mwendo. Gawanya njia mara tatu. Theluthi ya kwanza uende ukijizuia, mpaka ujione kama unafanya uvivu. Bado unaweza kutamka maneno matatu au manne kwa pumzi moja. Ya pili ndiyo ngumu kuliko zote, hapo akili hutangatanga na kasi hushuka bila wewe kujua. Ya tatu toa kilichobaki.

Barabara ya Urambo ina somo lake. Wakati wa kiangazi upepo huku kwetu mara nyingi huvuma kutoka mashariki au kusini mashariki, na huzidi jua linapopanda. Ukitoka mjini kuelekea magharibi unasukumwa mgongoni, ukigeuza unaukuta usoni. Tuseme njia ni kilomita 20, kumi za kwenda na kumi za kurudi. Kwenda umepata kilomita 40 kwa saa: dakika 15. Kurudi umepata 30: dakika 20. Jumla ni dakika 35, yaani wastani wa kilomita 34 na kitu kwa saa, si 35 kama wengi wanavyokisia, kwa sababu umekaa muda mrefu zaidi kwenye upepo kuliko ulivyokaa kwenye nafuu. Kwa hiyo nguvu za ziada zitumie pale upepo unapokupinga, na wakati wa nafuu usijimalize kwa kutafuta sifa ya kasi. Kuna wakristo ambao bidii yao yote hutumika msimu wa kusukumwa mgongoni.

Zingatia pia kwamba aliyeanza saa 1 asubuhi na aliyeanza saa 3 hawakupata upepo mmoja, ingawa karatasi ya matokeo itawapanga safu moja. Kwa sababu hiyo, weka daftari. Andika tarehe, saa uliyoanza, upepo ulikotoka, gia uliyotumia na muda wako. Jilinganishe na nafsi yako kwenye barabara ileile na saa ileile. Mstari wa 4 unafanyika hapo, kwa kalamu.

Kupitwa kunauma, tusidanganyane. Aliyeanza dakika 1 baada yako akikufikia, tayari amekuzidi dakika nzima. Wengi hapo hufanya moja kati ya makosa mawili: kumkimbiza mpaka wanakufa njiani, au kukata tamaa. Katika mbio dhidi ya saa za mashindano ya dunia ya baiskeli yaliyofanyika Kigali Septemba 2025, ya kwanza kufanyika Afrika, Remco Evenepoel wa Ubelgiji alimfikia na kumpita Tadej Pogačar wa Slovenia, aliyeanza kabla yake. Ilikuwa tarehe 21. Tarehe 28, kwenye mbio za kundi katika mji huohuo, Pogačar alishinda na Evenepoel akawa wa pili. Naye Greg LeMond wa Marekani, siku ya mwisho ya Tour de France, yale mashindano makubwa ya baiskeli ya Ufaransa, mwaka 1989, siku iliyokuwa ya mbio dhidi ya saa, aliwaambia wasaidizi wake wasimtajie muda wake njiani. Alianza siku akiwa nyuma ya Mfaransa Laurent Fignon kwa sekunde 50, na baada ya kilomita 24.5 akawa amemshinda kwa jumla ya sekunde 8.

Maandalizi si kitu cha asubuhi ya mbio. Kula muda wa saa tatu kabla ya kuanza mbio: uji, viazi au wali, si maharage. Pasha mwili dakika 20 hadi 30, katikati ukiweka mikimbio mitatu ya dakika 1. Zungusha magurudumu uhakikishe breki hazigusi rimu. Shati linalopepea ni breki nyingine, liache nyumbani. Mnyororo ndio tunaoupuuza zaidi, na vumbi letu haliuhurumii: pima kutoka pini moja hadi pini ya 24 baada yake, ukiwa mzima umbali ni inchi 12 kamili, ukizidi kwa inchi moja ya kumi na sita, badilisha kabla haujala meno ya gia. Ufute vizuri kwa kitambaa kabla ya kuweka oili, maana oili juu ya mchanga inatengeneza msasa.

Tumalizie kwa yule anayeshika siti mstarini. Kazi yake ni kukusimamisha wima mpaka hesabu iishe, kisha aachie, kukusukuma hakuruhusiwi. Asiposhika imara unaondoka ukiyumba, akisukuma anakuponza. Wazazi, walezi na viongozi wa vijana, juma hili someni sura ya 6 kuanzia mstari wa 1 hadi wa 10 mkiwa na mtu huyo mawazoni, kisha kila mmoja ataje kwa jina, katika maombi, kijana ambaye yeye mwenyewe kwa sasa anamshikia siti.