Kabla hujaenda saiba kujaza fomu ya HELB

Maombi mengi ya mkopo wa HELB (bodi ya mikopo ya elimu ya juu Kenya) na skolashipu ya serikali hayakwami kwa sababu ya intaneti. Hukwama kwenye majina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Mohamed, matokeo ya KCSE (mtihani wa kidato cha nne) yanasema Muhamad, kitambulisho nacho kina Mohammed na jina la babu limeongezwa mwisho. Nyumbani ni mtu mmoja, ila kompyuta inamhesabu watatu. Kurekebisha huchukua wiki nyingi, na anayetoka visiwani Lamu, kama Faza au Kizingitini, ana nauli ya boti hadi mjini Amu kila anapoitwa. Kwa hivyo linganisha herufi kwa herufi mara matokeo yatokapo, usingoje KUCCPS, wanaowapanga wanafunzi vyuoni, watangaze vyuo.

Laini ya simu nayo isajiliwe kwa kitambulisho cha mwanafunzi mwenyewe. Ya mama haifai.

Kwa mzazi aliyefariki, utadaiwa cheti cha kifo. Visiwani maiti huzikwa siku ile ile, na familia nyingi haziendi baadaye kwa naibu wa chifu kuandikisha kifo. Miaka kumi baadaye mtoto anahitaji karatasi hiyo na haipo. Kama ni hivyo kwenu, anzeni na hili kabla ya yote.

Sasa kipato, ambapo watu wengi hujiumiza wenyewe. Fomu inauliza kipato cha nyumba kwa mwezi. Mvuvi akikumbuka msimu wa kaskazi, bahari inapotulia, ataandika 30,000, na pesa hizo kweli alizipata, lakini kusi likivuma huenda asivuke 6,000. Chukua mwaka mzima: miezi sita ya 30,000 ni 180,000, sita ya 6,000 ni 36,000, jumla 216,000. Gawa kwa 12, unapata 18,000. Na hiyo iwe baada ya kutoa petroli, barafu na fungu la mwenye chombo. Katika makundi matano ya kipato yaliyotangazwa chini ya mfumo wa 2023 wa kufadhili wanafunzi wa vyuo vikuu, kundi la pili liliishia shilingi 23,670 kwa mwezi na la tatu 70,000. La pili serikali ilitoa skolashipu asilimia 60 ya gharama na mzazi akabaki na 10, sehemu iliyosalia ikawa mkopo. La tatu skolashipu 50, mzazi 20. Kipato si kigezo pekee, lakini tarakimu moja iliyoandikwa kwa fahari inaweza kukugharimu. Kudanganya kwa kupunguza kipato pia ni hatari, maana majibu hulinganishwa na kumbukumbu nyingine za serikali.

Ukishaingia kwenye mtandao, kumbuka skolashipu na mkopo ni maombi mawili. Kuna wanaojaza mkopo, wakaona ujumbe wa kupokelewa, wakafunga kompyuta. Skolashipu huombwa mara moja kwa kozi. Mkopo huombwa upya kila mwaka, una riba ya asilimia 4 kwa mwaka, na unahitaji wadhamini wawili. Waombe namba zao za kitambulisho na simu mapema, na waambie wanadhamini nini. Mjomba anayeshtukia jambo hilo baadaye ana haki ya kukasirika.

Basari ya NG-CDF (mfuko wa maendeleo wa eneo bunge) na ya kaunti ni njia nyingine kabisa. Fomu hupitia kwa chifu, mara nyingi na imamu, na hundi huandikwa kwa jina la chuo. Hakikisha namba yako ya usajili imo, la sivyo mhasibu wa chuo atakuwa na hundi asiyojua aiweke kwenye akaunti ya mwanafunzi gani.